Pombe ya usiku, gari la shule alfajiri

Anti, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala mtaa wetu, andika Mbagala tu, maana huku tunajuana. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitumbua na chai nje ya nyumba tuliyopanga. Mume wangu ni dereva wa gari la shule, Kosta ya mtu binafsi inayobeba watoto wa shule moja ya kulipia. Anatoka nyumbani saa 10 na nusu alfajiri, saa 11 anaanza kupitia watoto majumbani. Wengine ni wa chekechea, wanapandishwa garini bado wana usingizi.

Baba watoto si mtu mbaya. Hanipigi, hanitukani, kodi analipa, ada analipa. Shida ni usiku. Akirudi anaoga, anakula, saa 2 usiku anakwenda grosari ya hapo jirani mpaka saa 6. Nikimuuliza amekunywa ngapi anasema "mbili tatu". Lakini dada anayehudumia pale ni mteja wangu wa vitumbua, ameniambia kawaida yake ni bia sita zile kubwa za nusu lita, na mwisho wa mwezi anaongezea kichupa kidogo cha konyagi.

Analala masaa manne, simu ikilia saa 10 anaamka mwenyewe, simwamshi. Anajimwagia maji ya baridi, anameza Panadol mbili, halafu anapita kwa mzee wa supu ya kongoro anayefungua alfajiri. Anakamulia ndimu, anaweka pilipili mpaka kijasho kinamtoka, anasema hapo pombe yote imetoka. Na kweli Anti, ukimwona huwezi kujua. Hayumbi, anaongea vizuri. Ni harufu tu, nayo anaikata kwa bigijii. Nikimsema jibu lake ni lile lile: "Mama watoto, mimi silewi. Mwili umeshazoea. Nikishalala imeisha."

Juzi alikuja jirani yangu mmoja, mwanawe anapanda gari hilo. Wakati namfungia vitumbua akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu anasema anko alisinzia kwenye foleni mpaka matroni akamgusa bega." Akanitazama. Nikainama nikageuza vitumbua vilivyokuwa kwenye chuma, sikujibu. Akalipa akaenda. Tangu hapo roho haitulii mpaka nisikie ameshafika shule.

Nikamweleza shoga yangu wa kikoba, ambaye mumewe aliacha pombe. Akanipa siri yake. Ni vidonge, anavisaga na kuchanganya kwenye mchuzi bila mume kujua. Mume akinywa tu anaumwa vibaya, anatapika, uso unaiva, moyo unamwenda mbio, mwisho akaichukia pombe mwenyewe. Amenigawia vyake kwenye karatasi, anasema ni dawa ya hospitali, si ya mganga, inaitwa disulfiramu. Nimevificha kwenye ndoo ya unga.

Upande mwingine nafikiria kumpigia mwenye gari, namba yake ninayo. Lakini najua jioni hiyo hiyo mume wangu hana kazi. Tunajenga vyumba viwili Vikindu, tumefika kwenye lenta. Na akijua mimi ndiye niliyemchoma, ndoa hakuna.

Anti, ni kweli mtu akilala pombe inaisha? Nimwekee dawa? Nimpigie bosi wake? Au ninakuza mambo, maana kwa kweli hajawahi kupata ajali?

Mama Vitumbua, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Vidonge vilivyo kwenye ndoo ya unga naomba usivisage leo. Soma kwanza mpaka mwisho. Swali lako la usingizi na swali lako la vidonge yanakutana mahali pamoja, kwenye ini la mumeo, na ukielewa kinachofanyika pale utaweza kupima mwenyewe mambo mengine yote uliyoniuliza.

Mtu akinywa bia, kiasi kidogo cha kilevi hunyonywa tumboni, na sehemu kubwa zaidi kwenye utumbo mdogo. Kutoka hapo kinaingia kwenye damu na kusambaa kila palipo na maji mwilini, ubongo ukiwemo. Kula kabla ya kunywa, kama anavyofanya mumeo, kunapunguza kasi ya kuingia. Ila kikishaingia kwenye damu, ugali hauwezi kukitoa. Asilimia 90 au zaidi ya kilevi lazima ipite kwenye ini. Kinachotoka kwa pumzi, mkojo na jasho ni kidogo sana. Hicho kidogo cha kwenye pumzi ndicho trafiki wanachokipima wanapompa dereva kipimo apulize. Kwa hiyo ile supu ya kongoro inampa maji na chumvi, inamchangamsha, na jasho linalomtoka ni la pilipili. Kilevi kiko pale pale kwenye damu. Maji ya baridi hali kadhalika. Kahawa ingemfanya awe macho zaidi, ila kiasi kilichomo kwenye damu kisingepungua.

Sasa ini lenyewe. Lina vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi kwa kupokezana. Cha kwanza kinageuza kilevi kuwa kitu kinachoitwa asetaldehaidi, ambacho ni sumu kuliko pombe yenyewe. Cha pili kinaiwahi sumu hiyo na kuigeuza kuwa asidi ile iliyomo kwenye siki, na hiyo mwili unaimalizia kuwa maji na hewa ya kaboni. Kile kimeng'enya cha kwanza kinajaa mapema. Kikishajaa kinakwenda mwendo wake mmoja, pombe iwe nyingi, iwe kidogo. Ni kama pantoni ya Kigamboni: foleni iwe fupi au ifike mbali, watu wapige honi wasipige, inavusha kiasi chake kwa safari na kurudi.

Tupige hesabu pamoja. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi chenyewe. Ini la mtu mzima kwa kawaida linaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Maana yake bia moja kubwa inahitaji saa 2 mpaka 3, na bia sita ni gramu 120. Msweden mmoja, Erik Widmark, aliandika mwaka 1932 kanuni ya kukadiria kiasi kinachobaki kwenye damu, na wataalamu wanaitegemea hadi leo. Nikiichukua kanuni hiyo kwa mwanamume wa kilo 70 aliyeanza kunywa saa 2 usiku na kumaliza bia sita, saa 11 alfajiri anabaki na zaidi ya miligramu 100 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha miligramu 80. Kwa makadirio hayo hayo, damu yake inasafika kabisa karibu na saa 7 mchana. Ule usiku wa konyagi, kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35 kinaongeza karibu gramu 55, ambazo ni sawa na bia nyingine karibu tatu. Siku hiyo hata kuwarudisha watoto majumbani anawarudisha akiwa na pombe mwilini.

Haya ni makadirio, mwanangu. Sijampima mumeo. Uzito, umri, afya ya ini na mazoea vinabadilisha mwendo, na watu hawalingani. Lakini hata ukimpa nafuu kwenye kila kipengele, usingizi wa saa nne hauwezi kumaliza bia sita. Ini halifanyi kazi kwa kasi zaidi mtu akilala. Na pombe inaharibu usingizi wenyewe, hasa nusu ya pili ya usiku, ndiyo maana mtu anaamka na uchovu ingawa alilala kama gogo. Yule mtoto aliyesema anko alisinzia huenda aliona vyote viwili kwa pamoja, pombe iliyobaki na usingizi uliokosekana.

Mumeo anasema mwili umezoea. Hapo hadanganyi, ila nusu tu ndiyo kweli. Ubongo wa mnywaji wa kila siku unajifunza kusimama wima, kutembea na kuongea vizuri pombe ikiwa ndani. Jambo la ghafla ndilo lisilozoeleka vizuri hivyo: bodaboda inayokatiza bila kuangalia, mtoto anayerudi mbio kuchukua begi alilolisahau. Ndiyo sababu nasita kukubali pale unaposema ukimwona huwezi kujua. Wewe unamtazama akiwa amesimama uani. Gari linadai vitu ambavyo uani havionekani.

Na zile Panadol mbili za kila alfajiri. Mnywaji wa muda mrefu ini lake linafungua njia nyingine ya ziada ya kusaga pombe. Njia hiyo hiyo inageuza sehemu ya parasetamoli, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye Panadol, kuwa sumu kwa ini. Kidonge kimoja kimoja cha siku ya homa ni jambo tofauti, lakini kwa mtu anayekunywa hivi kila siku, hilo linastahili kuulizwa kwa daktari. Asikimbilie diklofenaki badala yake, kwani hiyo nayo inaweza kuchubua tumbo lililokwisha kuumizwa na pombe.

Sasa turudi kwenye ndoo ya unga. Disulfiramu, kama kweli ndiyo hiyo, inakizuia kile kimeng'enya cha pili. Yaani kilevi kinageuzwa kuwa asetaldehaidi, halafu sumu hiyo inakwama njiani na kujaa kwenye damu. Uso unaiva, kichwa kinapasuka, mtu anatapika, moyo unakwenda mbio, presha inashuka. Haya yalijulikana kwa bahati. Miaka ya 1930 huko Marekani ilionekana kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha mpira walioshughulika na kemikali za aina hii walikuwa wakiugua wakigusa pombe, na mwaka 1948 Wadenishi wawili, Jens Hald na Erik Jacobsen, wakaitangaza kama tiba baada ya kuimeza wao wenyewe na kuugua. Ni dawa halali na wapo watu iliyowasaidia. Lakini masharti yake ni makali: asipewe mtu bila yeye kujua na kukubali, na asipewe mpaka awe amekaa bila pombe kwa angalau saa 12. Nguvu yake inaweza kubaki mwilini hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo anaoujua au asioujua, mchanganyiko huo unaweza kuua.

Mumeo anakula chakula chako na kuondoka moja kwa moja kwenda grosari. Ukimwekea kwenye mchuzi, ataiweka pombe juu ya dawa usiku ule ule bila kujua kinachomtokea. Na kama hakuzidiwa usiku, saa 11 yuko barabara ya Kilwa, pombe imebaki kwenye damu na dawa imeziba njia ya kuitoa, nyuma yake watoto. Najua shoga yako alikupa kwa moyo mwema na ninamshukuru kwa kukuhurumia. Kwamba mumewe alipona ni heri kwake. Lakini haituambii lolote kuhusu moyo wa mumeo. Na jambo jingine ninakuuliza taratibu: siku akigundua kwamba chakula cha nyumbani kwake kilimpeleka hospitali, mtakaa vipi mezani tena?

Naelewa kwa nini vidonge vilikuvutia. Vinakuokoa na mazungumzo. Ila nadhani hayo mazungumzo hujayajaribu kwa namna hii bado. Kwa barua yako, kila mnapogombana mnagombania kama yeye ni mlevi au si mlevi, na hapo mwanamume yeyote atajitetea. Umewahi kufikiria kwamba huenda hajui kabisa? Kwamba anaamini kwa dhati kuwa usingizi na kongoro vinasafisha? Wengi wanaamini hivyo, na hakuna aliyewahi kuwapigia hesabu. Unaweza kuchagua siku ambayo hakuna shule, mchana, ameshakula, hajanywa, na ukakaa naye na karatasi na kalamu: bia ngapi, saa ngapi alianza, saa ngapi anawasha gari. Mwache apige hesabu mwenyewe. Anaweza kukasirika. Anaweza kuahidi na asitimize. Anaweza pia kunyamaza, na wanaume wengine wakinyamaza ndiyo wameanza kufikiri.

Huenda akasema atapunguza mpaka bia tatu, usiku wa shule. Kihesabu, bia tatu zilizoanza saa 2 zinakaribia kwisha saa 11. Ni nafuu kubwa kuliko sasa, sikatai. Hofu yangu ni kwamba tatu za grosari zina tabia ya kuwa nne rafiki akipita, na wewe utageuka mlinzi wa kuhesabu chupa kupitia kwa dada wa grosari. Hiyo kazi itakuchosha.

Kuhusu mwenye gari, umeniwekea milango miwili tu: unyamaze, au mume afukuzwe. Mimi naona katikati pana nafasi. Mumeo mwenyewe anaweza kuomba siku chache za matibabu, na kwa dereva hilo si aibu. Yupo mjomba au kaka ambaye yeye humsikiliza. Yupo matroni, aliyemgusa bega siku ile, kwa hiyo jambo hili si siri yako peke yako. Tena yule jirani alikuja kwako kwanza, kwa heshima, kabla ya kwenda kwingine. Wazazi huongea. Kazi ya mumeo haiko mikononi mwako kama unavyodhani, na huenda afadhali asikie kutoka kwako kuliko kusikia kutoka kwa bosi aliyepigiwa na mzazi.

Ukimpigia bosi, yale unayoyaogopa yanaweza kutokea kweli, nami siwezi kukuahidi kwamba ndoa itasimama. Ukinyamaza, hatari yako wewe inapungua, lakini inabaki kwa watoto ambao hawakuulizwa, na kwa mumeo pia, kwa sababu siku ya ajali damu yake itapimwa na hakuna atakayemuuliza kama alilala. Kwamba hajawahi kupata ajali ninamshukuru Mungu pamoja nawe. Sioni kama inatosha kutegemea. Sikwambii uchague lipi. Unaijua nyumba yako kuliko mimi. Naomba tu utenganishe mambo mawili: uamuzi kuhusu ndoa na kazi unaweza kuchukua muda, lakini asubuhi moja mahususi, ukiona wazi hali yake haifai, haiwezi kungoja. Asubuhi ile simu fupi kwamba leo dereva hayuko katika hali ya kuendesha, atafutwe mwingine, inaweza kutoka kwake au kwako, bila kusimulia maisha yenu.

Wala hukuzi mambo, mwanangu. Uliposhindwa kumjibu yule mama, ulikuwa umebeba mzigo wa watu wengi peke yako.

Vile vidonge vipeleke kwa mfamasia kwenye duka la dawa lililosajiliwa, umuulize ni nini hasa, maana karatasi haina jina wala tarehe. Usivirudishe kwenye unga, watoto wako wanapikiwa kutoka humo.

Lipo moja sikuliona kwenye barua yako, na linabadilisha mengi. Mtazame alfajiri anapofunga vifungo vya shati. Mikono inatetemeka? Je, siku akikosa pombe anatoka jasho, hatulii, hapati usingizi kabisa? Kama ndivyo, mwili wake umeshaitegemea pombe, na kuacha ghafla nyumbani kuna hatari: mtetemeko unaweza kuanza ndani ya siku ya kwanza, kifafa kinaweza kumshika ndani ya siku mbili, na baadaye kidogo maruweruwe, ambapo watu hufa. Wapo wanawake waliowafungia waume zao ndani kwa nia njema kabisa, wakakutana na hayo. Kwa mtu wa namna hiyo kuacha hufanyika chini ya daktari, kwa dawa za kutuliza na vitamini B1. Kwenu hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke ndiyo ya karibu, na Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili inayotibu watu wenye shida ya pombe. Ukiiona mikono ikitetemeka, usisubiri mwisho wa wiki. Mpeleke, na umwambie daktari idadi ya chupa bila kupunguza.